Kamba ya Marcelline na Pango la Assani

Siku Assani alipomwona Dominique mwenye duka akiondoka Kasongo kwenda matangani na mabegi manne, godoro na mwavuli, alijua riziki yake imemfuata hadi mlangoni. Mji ambao watu hawawezi kwenda kulia bila godoro ni mji wa heshima sana. Pia ni mji wa kuliwa.

Assani alitokea Bukavu, akapitia machimbo ya Wamaza ambako dhahabu ilimkataa. Huko Bukavu alikuwa mlinzi kwa wageni fulani waliopenda mchezo wa ajabu wa mezani. Mmoja alisimulia pango lenye mnyama mkali, wengine wakaliingia kwa mdomo, kila mtu akiwa ameandika kwenye karatasi vitu alivyobeba, na dadu yenye nyuso ishirini ikaamua nani atakufa. Wageni walipohama waliacha dadu na daftari la kanuni. Assani akavirithi bila kungoja kuitwa mrithi.

Akatandika meza nyuma ya soko, akaongeza kanuni yake moja tu. Chochote unachotaka kuwa nacho pangoni, ukilete mezani kwa kweli. Ukitoka hai, unaondoka na vyako na chochote ulichookota ndani. Ukifa, vitu vyako vinabaki pangoni, na pango, kwa bahati nzuri, lilikuwa chumba cha Assani.

Tumtendee haki, hakumficha mtu kitu. Kila asubuhi alisoma kanuni kwa sauti ya padri: "Mutu anabeba mizigo kumi. Ikipita kumi, mutu anatembea hatua moja, nyama wa pango anatembea tatu." Watu waliitikia kwa vichwa, kisha wakaleta mizigo kumi na saba. Dominique aliingia na taa tatu, mapanga mawili, sufuria na ule mwavuli, akaliwa kwenye kona ya kwanza. Christophe naye alibishana kwamba pangoni nguo huchanika, akaleta cherehani ya mke wake. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Mke mwenyewe, Marcelline, alikuwa na vitambaa vya sare za watoto arobaini ndani ya nyumba, na shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Bila cherehani ile alikuwa ameisha, na alilia kwanza, kama mtu yeyote. Halafu akanawa uso, akaja mezani na kamba moja begani. Assani akamwuliza kwa upole kama hahitaji hata taa.

"Kamba inatosha, papa," alisema. "Miye naenda kuchukua, siendi kuhama."

Dadu ilirushwa na mnyama akakimbia, lakini kila alipofika kwenye kona, Marcelline alikuwa keshapita. Alipoifikia hazina alitangaza kwamba anaokota cherehani, ambayo kwa daftari ni mizigo sita, ukiongeza kamba ni saba, na anatoka zake. Watu wakapiga makofi. Assani akapiga pia, akasema cherehani iko nyumbani imefungiwa, mama aje kesho saa nne.

Kesho yake kulipopambazuka, Assani alikuwa kwenye njia ya Kabambare, na pikipiki yake imefungwa mali yote ya marehemu wa Kasongo, cherehani ikiwa juu kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kwenye kijito cha pili gurudumu la nyuma likazama lote. Alisukuma, akatukana, akasukuma tena. Kushusha mizigo lilikuwa wazo zuri, ila kila alipogusa kitu aliona huruma, hata ule mwavuli. Saa tano ilimkuta palepale, matope hadi mapajani.

Ndipo Marcelline akatokea kwa baiskeli, kamba begani. Yeye hakungoja saa nne. Alfajiri aliukuta mlango wa Assani uko wazi na chumba ni kitupu, akafuata alama za magurudumu kwenye matope. Assani alitayarisha uongo wa aina tatu, lakini mama hakuuliza lolote. Alizungusha kamba kwenye mti, akaipima kwa mkono.

"Nitakuvuta, papa. Lakini shusha vyote, na usikawie. Dominique na wenzake wako njiani, watu kumi na mbili. Mapanga yao uko nayo weye, basi wamekata fimbo."

"Wako mbali?"

"Weye unatembea hatua moja," alisema Marcelline. "Wao tatu."

Assani aliogopa, aliogopa kweli. Alishusha cherehani, taa, sufuria, kila kitu, akavirundika kwenye majani. Wakafunga ncha ya kamba kwenye pikipiki, wakavuta wawili, ikatoka, akairukia bila kuaga. Na ilikimbia vizuri sana, maana ilikuwa nyepesi.

Jioni, Kabambare, alikaa kwenye kibanda cha chai akiitazama njia bila kupepesa. Akafika dereva wa pikipiki kutoka Kasongo. Assani akamwuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama amekutana na watu wenye fimbo.

Dereva akasema hakuna watu. Dominique alimwacha dukani kwake, anauza chumvi. Njiani alikutana na mwanamke mmoja tu, anasukuma baiskeli kurudi Kasongo, mizigo imejaa mpaka baiskeli yenyewe haionekani, na mwavuli juu.

"Namwambia, mama, muzigo ni muingi, utatembea pole pole," alisema dereva, akipuliza chai. "Anacheka tu. Anasema haina shida, mu njia hii hakuna nyama."