Mtu wa Mbuba Mwenye Vyeo Vyote

Jumatano, 2 Julai

Yuster ameiunganisha! Mwanangu mwenyewe, niliyemzaa hapahapa Nyakahura, ameiunganisha akili mnemba na jukwaa la wateja! Kwa vidole vyake, amekaa kwenye kigoda changu, huku anakula viazi.

Haya. Daftari, habari za tangu juzi. Nisamehe, furaha imetangulia salamu.

Yuko nyumbani kwa siku chache na simu ya kazi; nieleze kama alivyonieleza. Kazini kwake Biharamulo mjini wanauza mashine za kupukuchulia mahindi. Kuna jukwaa huko mtandaoni limejaa watu wanaoweza kununua: jina, kazi, cheo, namba ya simu. Wameandikishwa kwenye semina, minadani, kwenye mikutano ya vijiji. Ni wengi mno, hakuna wa kuwasoma wote. Sasa Yuster ameifungulia akili mnemba mlango wa humo. Unaiambia kwa mdomo tu: nitafutie mkulima wa mahindi wa Mabawe. Inachambua, inakupa, na ujumbe inakuandikia. Ukisema tuma, inatuma.

Bosi wake, Bwana Anuari, hajafurahi. Anasema jukwaa analilipia kila mwezi na hajaona hata mashine moja ikitoka dukani kwa njia hiyo. Mwezi huu ukiisha bila mnunuzi wa maana, analifunga, na Yuster arudi kwa mama yake. Kwa mama yake ni hapa! Nampenda mwanangu, lakini nitawaambia nini watu? Hasa Eustakia.

Eustakia ni jirani. Mwanae William anaendesha lori mpaka Kigali. Mwaka mzima tunasikia Kigali, Kigali, utadhani huo mji kaujenga William. Leo nikaenda kuomba chumvi ambayo sikuihitaji, nikampa habari. Akauliza hicho kitu cha Yuster kina matairi mangapi. Wivu mtupu!

Jioni Yuster akaniruhusu nami niongee nayo. Nikaiuliza ina umri gani. Ikasema haina umri. Nikasema basi mimi ndiye mkubwa, niamkie. Ikasema shikamoo mama. Marahaba mwanangu! Ina adabu kuliko William.

Ijumaa, 4 Julai

Yuster ana malaria. Amemeza dawa, anatetemeka kama kifaranga. Nimempa uji, nimemfunika mablanketi mawili, nimechukua simu yake ya kazi. Sijaiba. Mtoto akiugua, kazi zake nani atazifanya? Alama ya kuifungulia naijua, anaichora wazi mbele ya kila mtu.

Nikaiambia: achana na watu wadogo wadogo. Nitafutie mtu mwenye vyeo vingi kuliko wote Ngara. Mkubwa mmoja akinunua, Bwana Anuari atanyamaza.

Hata sijameza mate, ikajibu. Kuna namba moja ya Mbuba ina vyeo kupita kiasi. Mwenyekiti wa wakulima wa mahindi. Katibu wa wafuga nyuki. Mwalimu wa kwaya. Refa wa mpira. Fundi baiskeli. Mkunga wa jadi. Mwenyekiti wa kikundi cha wajane. Na vingine, na vingine! Pembeni, karibu kila mahali, pameandikwa "kwa Rogasian".

Jamani, kumbe wanaume bado wapo! Anazalisha, anachezesha mpira, na wajane anawaangalia. Ofisi zote ziko kwake. Moyo gani huo?

Ikaongeza kwamba namba ni moja lakini majina yanatofautiana. Huenda simu inatumiwa na watu wengi, afadhali tupige kwanza tuhakikishe. Hapo nikajua haijaishi na watu. Nikaielewesha taratibu: mwanangu, mtu wa maana ana majina mengi. Mimi ni Kwandu kwa baba yangu, Monika kwa padre, Mama Yuster kwa kijiji kizima. Ikauliza, na huyu Clotilda? Nikasema hilo karithi kwa bibi yake.

Ikanishukuru kwa maelezo. Halafu ikarudia palepale, tuhakikishe kwanza. Kichwa kigumu!

Nikaiamuru iandike: Mheshimiwa, unaalikwa nyumbani kwetu Nyakahura kuona mashine ikipukuchua. Wewe ndiye mgeni rasmi. Ng'ombe atachinjwa. Siku utatangaziwa. Ikauliza kama itume mara moja tu, kwa kuwa namba ni moja. Mara moja ni dharau. Kila cheo na barua yake! Ajue tunaviheshimu vyote. Ikauliza kwa mara ya mwisho kama nina uhakika. Mimi? Nina uhakika tangu nizaliwe.

Tuma.

Halafu nikawaza. Yuster ana miaka ishirini na minane, hajaolewa. Sisemi kitu. Lakini mtu mwenye kwaya na nyuki...

Jumapili, 6 Julai

Majibu yanamiminika! Yuster bado analala mchana kutwa, kwa hiyo najibu mimi. La kwanza: "Mwenyekiti anashukuru, anauliza aje na wajumbe wake?" Wakubwa hawaandiki wenyewe, ana karani. Nikajibu aje nao. La pili: "Refa anauliza kama uwanja upo." Nikajibu upo. Upo, una mihogo. La tatu: "Mkunga anauliza aje na mume wake?"

Hapo nikashangaa kidogo. Kidogo tu. Nikajibu aje naye.

Baada ya ibada nikamshika Eustakia mlangoni pa kanisa. Nikamwambia kuna mheshimiwa kutoka Mbuba anakuja kwangu. Akauliza ana cheo gani. Nikamwuliza ana muda gani wa kusikiliza. Nilipofika kwenye ukunga akasema, wewe Mama Yuster, malaria ni ya binti au ni yako? Lakini atakuja. Amesema atawahi akae mbele.

Mume wangu Shilinde amesikia habari za ng'ombe. Akaniuliza ni ng'ombe yupi. Nikamwambia yule mwenye roho kubwa. Akasema ng'ombe wake wote wana roho ndogo. Akaenda kuwahesabu.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, watu hawana kazi, siku nzuri ya kumwona mkwe. Yaani mteja. Nikamwambia Yuster naenda kumjulia hali mgonjwa Ngara. Nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikambeba jogoo kwapani.

Mbuba nikamwambia dereva wa bodaboda anipeleke kwa Mheshimiwa Rogasian. Akauliza, Rogasian wa chaji? Nikamwambia ashike adabu. Akacheka njia nzima, mgongo unamtikisika, nami nimemshikilia.

Kumbe kibanda. Juu ya bati kuna sola. Ndani simu zimelazwa kwenye ubao kama dagaa juani, kila moja na kikaratasi cha jina. Aliyenipokea ni mwanamke anaitwa Ineza, akaniamkia vizuri, akasema yeye ni mke wa Rogasian. Basi. Ukwe ukafia mlangoni.

Rogasian mwenyewe alikuwa amekaa, miguu ameitia kwenye beseni la maji ya moto. Akanieleza bila hasira. Kitongojini kwao wengi hawana simu. Wakiandikishwa kwenye semina wanatoa namba yake. Ujumbe ukiingia, anapanda baiskeli, anaupeleka. Mama, akasema, barua zako nimezifikisha zote. Vilima vya huku unaviona. Na wote wanakuja. Clotilda wa wajane ameshapeleka kitambaa kwa fundi, kwa sababu hajawahi kuwa mgeni rasmi.

Nikauliza, na wengine? Akasema, na wengine nao hawajawahi.

Nikaomba maji. Nikaomba tena. Akaniuliza, viti vya mbele huko kwako vipo vingapi? Nikasema vipo. Jogoo nikamwachia kwa ajili ya miguu yake. Wakati natoka akaniita, akasema watu wanamsumbua wanataka siku. Nikasema itatangazwa.

Jumanne, 8 Julai

Yuster amepona. Afadhali angelala siku moja zaidi. Amefungua simu.

Kumbe kule ofisini, kwenye kompyuta ya Bwana Anuari, kila kinachotumwa kinaonekana. Ameona namba moja, barua lundo, na kila barua ina mgeni rasmi wake na ng'ombe. Amepiga. Hakupiga kelele, na hilo ndilo limemtisha Yuster. Amesema Alhamisi anakuja mwenyewe kuchukua simu ya kazi, na Yuster asijisumbue kurudi.

Mwanangu akaniambia, mayu, mama yangu, umenifukuzisha kazi. Nikamwambia angalau barua zilikuwa za heshima. Akaingia ndani. Nikampelekea ugali wa muhogo na dagaa wa nazi, chakula chake tangu hajaota meno. Hakula. Sijawahi kuona hivyo. Mtoto huyu alisoma kwa kuuza karanga zangu stendi, akajifundisha kompyuta kwa kuazima, na mimi nimemvunja kwa siku moja nikiwa nimevaa kanga. Nikalia nyuma ya ghala, kidogo.

Halafu nikapangusa uso, nikaichukua simu alipokwenda kuoga. Nikaiambia irudishe zile barua. Ikasema zimeshafika, haiwezi kuzirudisha, lakini inaweza kunisaidia kuandika ukweli na kuomba radhi. Radhi! Nikaiambia basi imwandikie Bwana Anuari kwamba aliyetuma ni Eustakia. Ikakataa. Kwa upole sana, lakini ikakataa. Adabu nyingine huzidi.

Alhamisi, 10 Julai

Bwana Anuari akafika na gari lake jeupe. Kijana mpole, ameniamkia, amekataa chai. Kukataa chai ni dalili mbaya. Yuster akatoka na simu mikononi, macho mekundu.

Hajaikabidhi, zikaingia pikipiki tatu. Clotilda na wajane wenzake, na yule mwenyekiti wa wakulima wa kweli, mzee mmoja anaitwa Samweli. Clotilda hakungoja kiti. Akasema wamekuja kujua mambo mawili: siku ni lini, na mgeni rasmi hasa ni nani, maana Mbuba hapakaliki. Refa na mwalimu wa kwaya hawasalimiani. Mimi nikasema wageni rasmi ni wote. Akasema, mama, kitu hicho hakipo duniani.

Bwana Anuari akafumba macho.

Halafu Clotilda akanyoosha viganja vyake. Vimechubuka vyote. Akasema mahindi wanapukuchua kwa mikono, wengine wanayatia kwenye magunia wanayapiga fimbo, nusu yanavunjika. Akae mbele atakayekaa, yeye anataka kuiona mashine. Mzee Samweli akauliza: je, lazima mtu mmoja anunue? Vikundi vikichangia mashine moja, ikapanda mkokoteni wa ng'ombe, ikazunguka nyumba kwa nyumba, kuna ubaya?

Mkono wa Bwana Anuari uliokuwa unafuata simu ukarudi. Akamwangalia Yuster. Na mwanangu, daftari, ungemwona! Amekonda kwa homa, akasimama akaeleza kila kitu: mafuta kiasi gani, kisu kinabadilishwaje, nani aishike na nani asiisogelee. Akasema siku zote wamekuwa wakitafuta tajiri mmoja mmoja, kumbe jukwaa limeshika vikundi vizima nyuma ya namba moja. Yeye atakwenda kwa Rogasian avitenganishe, kila mtu kwa jina lake. Wajane wakakubali kuchukua mashine wakiona inafanya kazi. Wakulima nao. Wafuga nyuki wanafikiria.

Bwana Anuari akaomba chai.

Yuster anabaki kazini! Jukwaa linabaki! Mashine ya kuonyesha ataileta Bwana Anuari mwenyewe. Sharti moja tu, amelitamka mbele ya mashahidi: Mama Yuster asiiguse simu ile. Nikaapa, mkono juu. Clotilda wakati anapanda pikipiki akaniambia, mama, siku nyingine uhakikishe namba. Nikamwambia nilijua tangu mwanzo.

Jumapili, 13 Julai

Nimekaa nikatafakari yote yaliyotokea. Nimeona kosa halikuwepo. Nani kamletea Bwana Anuari wateja? Mimi. Kwa njia gani? Kila cheo na barua yake. Eustakia anasema ni bahati. Bahati! Njia ikizaa matunda hivi unaiacha?

Tena kuna jambo la haki. Mbuba wamealikwa, Kanazi hawajaalikwa. Watatuelewaje?

Leo Yuster amekwenda kwaya. Simu sikuigusa. Shilinde ndiye aliyeishika, mimi niliongea tu, nimefunga mikono nyuma kama mwanafunzi. Kuongea sikuapia. Ikaniamkia, nikaitikia, nikaitafutisha Kanazi.

Kuna namba moja huko imempita Rogasian! Mhunzi, mama lishe, katibu wa saccos, na mchungaji wa makanisa mawili yanayogombana. Mawili kwa pamoja! Huyo ni mpatanishi. Ikaniambia huenda hii nayo ni simu ya watu wengi, kama ile ya Mbuba. Nikacheka mpaka Shilinde naye akatikisika na simu mkononi. Nikaiambia mwanangu, ya Mbuba iliandikwa "kwa Rogasian". Hapa hapajaandikwa kwa mtu yeyote. Huyu ni yeye mwenyewe.

Yeye ndiye mgeni rasmi hasa. Clotilda ataelewa, ni mtu mzima.

Shilinde akalalamika mkono umechoka, akauliza tunaandika siku gani, maana Mbuba nao bado wanangoja, na Rogasian ameshaweka baiskeli mlangoni. Nikaitaja kwa sauti, iandikwe kwenye barua zote, za Mbuba na za Kanazi, na moja ya Eustakia: Jumamosi, tarehe 19 Julai, saa nne asubuhi, Nyakahura, kwa Mama Yuster. Waje wote.