Herufi Nusu na Foleni ya Upasuaji

Jumatatu, 4 Machi
Kazi yangu ni kuilisha programu ya hospitali maandishi mabovu: herufi nusu, zenye mwanzo bila mwisho, nione kama itazikataa au itazirai. Miwani, tunayekaa naye meza moja, kashapata kasoro kumi na moja. Mimi mbili. Bosi kasema wiki ijayo mmoja wetu anaondoka. Si mimi!

Jumanne, 5 Machi
Nimejua tatizo. Nakala ya majaribio imejaa wagonjwa wa kubuni, haina uhai. Nimeingia kwenye mfumo wenyewe, unaotumika wodini. Nikamchagua baba mkwe, anayengoja upasuaji wa moyo na ambaye hadi leo ananiita "huyo mbonyezaji". Nikachomeka herufi nusu katikati ya jina lake. Kimya. Nimesononeka.

Jumatano, 6 Machi
Kumbe! Programu ilipofika kwenye herufi ile, ilikata orodha papo hapo. Baba mkwe na wote waliomfuata, watu kumi na tisa, hawamo tena kwenye foleni. Bosi kanipa mkono mbele ya Miwani. Akauliza kama ni kwenye nakala ya majaribio. Nikasema ndiyo, wapi tena?

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu kapiga simu analia. Baba yake kafika hospitali hajala tangu jana, kama alivyoagizwa, mapokezi wakamwambia hayumo, arudi nyumbani. Nimeona aibu, kweli. Lakini nikikiri, kibarua kitaota nyasi. Nikamwambia avute subira, baba ataitwa.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani kashtukia orodha ya wodini ni fupi, akairudisha yote saa tatu. Kunitilia mchanga kitumbua changu! Saa nne hospitali ikampigia baba mkwe aje. Alikuwa ameshafariki, kwenye kiti chake, viatu miguuni. Nimelia chooni.

Jumatatu, 11 Machi
Tumezika jana. Mke wangu alinishika mkono, akasema bila mimi asingeweza kusimama. Sikuweza kumtazama. Kazini, bosi kauliza nani aligusa mfumo wa wodini. Miwani, kwa ukweli wake, kasema yeye. Kafukuzwa. Mimi sasa ni mkuu wa majaribio!

Wiki hii tunajaribu mfumo wa benki ya damu. Ile nakala ya majaribio bado haina uhai. Nahitaji jina moja tu la kweli. Mama mkwe anaongezewa damu Alhamisi.