Posa ya Lusia na Mafunzo Yenu ya Meno

Didia, Shinyanga Vijijini

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Matabibu wa Meno,

Shikamoo, kama umri wako unairuhusu. Mimi ni baba yake Lusia, mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Ninaandika kwa heshima zote, ingawa nimekasirika sana, kuhusu mafunzo kwa vitendo mnayowapa watoto wetu.

1. Mmemzoesha Lusia kukagua meno ya kichwa cha plastiki, ambacho hakina aibu wala ukoo. Likizo iliyokwisha juzi alikuja na daftari linalodai akague vinywa ishirini. Nyumbani tuko tisa tu. Akaanza kuwinda wageni.

2. Jumapili walikuja washenga pamoja na mposaji wake, Bwana Valerian, mnunuzi wa dhahabu wa Geita, miaka thelathini na minane kwa maelezo yake mwenyewe. Ng'ombe tulikwisha kukubaliana, na zizi nilikwisha kulipanua. Lusia akatoka ndani amevaa glovu. Mjomba wa mposaji aliamkiwa shikamoo huku kidole cha binti kikiwa mdomoni mwake. Marahaba angeitolea wapi?

3. Akafika kwa Valerian. Nywele zilikuwa nyeusi tii kwa piko, ndevu zimenyolewa, lakini meno hayapakwi piko. Binti akatangaza mbele ya wazee kwamba magego yamesagika mno, bwana huyu amepita hamsini na tano, tena amenizidi mimi. Ndugu Mkuu, sisi Wasukuma tunafunua mdomo wa ng'ombe ili tujue umri wake. Kumfunua anayeleta ng'ombe, hapana!

4. Valerian akaondoka wali ukiwa bado sahanini. Nimeaibika, na zizi liko tupu. Mama Lusia anacheka hadi leo.

Kwa hiyo naomba somo la kukagua kinywa lifutwe. Ikishindikana, wanafunzi walifanye wamefumba macho. Hilo nalo likishindikana, mwanafunzi asifungue mdomo wa mtu yeyote bila barua ya baba yake.

Nisalimie walimu, wapishi na mlinzi wa getini, aliyenipokea vizuri siku nilipomleta mtoto.

Wako mwenye masikitiko,
Masele, Baba Lusia

N.B. Mdogo wake Lusia, Martina, naye ameletewa posa, eti na kijana wa miaka ishirini na saba kutoka Bulyanhulu. Wanafika Jumamosi. Naomba sana Lusia apewe ruhusa ya siku mbili. Wageni nitawakalisha nje, penye mwanga.