Azimio la Buti Ndefu

Halmashauri ya Kijiji cha Nether Sallow inayo furaha kuutangazia umma, pamoja na mbwa wake, kwamba tatizo la tope limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Tope lenyewe bado lipo. Kilichopatiwa ufumbuzi ni miguu.

Tangazo hilo niliandika mimi, Cedric Fawley, katibu wa halmashauri, nikalibandika kwenye ubao ulio nje ya kanisa. Mpaka leo sioni neno la kufuta.

Kijiji chetu kiko bondeni, mahali ambapo mvua ikija huvua kofia na kukaa. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili, Njia ya Kinu, inayotoka kanisani na kukatiza malisho hadi ng'ambo ya kijito, huwa uji mtupu. Hata hivyo watu hupita pale kila asubuhi, kwa sababu mbwa hajui habari za majira. Miaka yote walivaa walichonacho: gambuti zenye viraka, buti za jeshi za marehemu mjomba. Gwilym Probert, mfugaji wa kondoo na mjumbe wa halmashauri, alifunga mifuko ya mbolea miguuni kwa kamba. Hakuna aliyewahi kulalamika. Na hali hiyo ya kutolalamika ndiyo iliyotutia wasiwasi sisi viongozi.

Ndipo Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Aubrey Quarles, alipopata habari kwamba jaji wa Mashindano ya Kijiji Nadhifu atakuja mwezi wa Novemba, na atatembea Njia ya Kinu yote. Aliitisha kikao siku hiyohiyo.

"Ndugu wajumbe," alisema, "jaji akikutana na Probert na ile mifuko yake, tumekwisha."

"Mifuko yangu haivuji," Probert akajibu.

"Hatuzungumzii kuvuja. Tunazungumzia taswira."

Probert alimwangalia kama anayeangalia kondoo aliyekataa dawa. Azimio likapita. Kuanzia Novemba, mtu yeyote atakayekanyaga Njia ya Kinu sharti awe amevaa buti ndefu za ngozi, za kahawia, zinazofika gotini, za aina moja tu iliyoidhinishwa. Wageni rasmi walisamehewa. Nilimpigia mwanasheria wa kaunti kumuuliza kama kijiji kina mamlaka ya kutunga kanuni juu ya miguu ya watu. Akasema hakina. Tulimshukuru kwa mchango wake, tukaendelea.

Ikaundwa Kamati ya Uteuzi wa Buti: Mwenyekiti, mimi, na mwakilishi wa wadau wenye mbwa, Bi Maud Tansley. Bi Maud ni mjane aliyekuwa mpishi wa shule ya kijiji, na Mwenyekiti mwenyewe alikula uji wake akiwa mtoto. Ana mbwa mfupi mwenye tumbo la kufagia, jina lake Pickle. Kila asubuhi huvuka naye Njia ya Kinu kwenda kwa dada yake, Doreen, aliyevunjika nyonga na haondoki kwenye kiti chake cha karibu na moto. Kwa barabara ni mzunguko mrefu, na Bi Maud haendeshi gari. Mwenyekiti alimteua kwa kuwa aliamini atanyamaza. Hapo tathmini ya awali ilikuwa na upungufu.

Tulikwenda mjini, kwenye duka la Bi Hobday, linalouza vifaa vya farasi, vya mbwa na vya binadamu, kwa kufuata umuhimu huo.

"Mnatembea wapi?" Bi Hobday aliuliza.

"Matopeni," alisema Bi Maud.

"Mbele ya jaji," alisema Mwenyekiti.

Bi Hobday alileta buti nene zilizopakwa mafuta, zenye nyayo za meno makubwa, bitana ndani ya kuzuia maji, na nyuma ya goti mkanda wa kulegeza au kukaza. Alisema si nzuri kwa macho, ila tope likizikamata huziachia.

"Zinafanana na ndoo," alisema Mwenyekiti.

"Ndoo inakaa na maji nje na ndani, Mheshimiwa. Hii inayaacha nje."

Bi Maud alivaa, akatembea mpaka kwenye matandiko ya farasi, akarudi. "Kisigino kinacheza."

"Jaribu na soksi zile utakazovaa siku yenyewe. Haya, sasa chuchumaa, mama, kama unaokota uchafu wa mbwa."

Bi Maud akachuchumaa katikati ya duka, sketi na vyote. Mwenyekiti akageukia ukutani kwa heshima.

"Na wewe, Mheshimiwa. Chuchumaa tuone."

"Mwenyekiti hachuchumai."

"Na mbwa wako akijisaidia?"

"Ana mtu wake."

Wakati huo macho ya Mwenyekiti yalikuwa yamekwisha kufika dirishani. Pale zilisimama buti nyembamba za rangi ya njugu, zinang'aa kama paji la askofu, shingo zake nyembamba kama za chupa, nyayo laini kama kisosi.

"Hizo ni za kusimamia kwenye sherehe za farasi," Bi Hobday alionya. "Kusimama tu. Tena jukwaani."

"Ndizo."

Kumvisha kulihitaji poda, mimi upande mmoja na Bi Hobday upande wa pili. Alipoinuka, lazima niseme ukweli, alipendeza. Hakuweza kukunja goti, lakini uongozi si kukunja goti. Bi Maud naye akajaribu jozi ya aina hiyo. Ilipanda mpaka kwenye shavu la mguu, ikagoma.

"Aubrey, mguu wangu umekataa."

"Mguu ni suala la utekelezaji, Bi Maud. Sisi hapa tuko kwenye sera."

Tukapiga kura. Kamati ilipitisha buti zile kwa kauli moja, yaani kauli ya Mwenyekiti.

Malalamiko yalipoanza, kwani kwa mara ya kwanza yalianza, tuliunda Kamati Ndogo ya Mashavu ya Miguu. Ilipima kijiji kizima na kugundua kwamba buti zilizoidhinishwa zinamwenea mtu mmoja. Ripoti yake, ambayo niliiandika kwa uangalifu, ilihitimisha kuwa buti hazina kasoro. Miguu ndiyo haikidhi viwango. Wananchi waliombwa kuwa na subira wakati miguu yao ikishughulikiwa. Mguu wangu mwenyewe, nasema bila aibu, ulifeli.

Novemba ilipoingia, nilipewa jukumu la kusimamia lango la Njia ya Kinu. Wa kwanza kufika alikuwa Bi Maud, na Pickle akivuta kamba.

"Cedric, fungua."

"Buti, Bi Maud."

"Dada yangu ananingoja, mwanangu. Hajaona mtu tangu jana."

"Naelewa kabisa. Upo utaratibu wa kuwasilisha maombi."

"Maombi nitayapeleka kwa Mungu. Wewe nipishe."

Sikumpisha. Nilimsomea kifungu. Alisimama akiangalia ng'ambo, moshi wa nyumba ya Doreen ukipanda mwembamba juu ya malisho, midomo yake ikitikisika kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Kisha akageuka. Pickle ndiye aliyetazama nyuma, mara nyingi, mpaka walipopinda kwenye ukuta wa makaburi. Usiku ule sikumaliza chakula changu. Nadhani ilikuwa hali ya hewa.

Siku zile jirani wa Doreen alimwachia mkate na supu kando ya kiti, akaenda zake. Lakini supu haizungumzi.

Siku ya jaji ikafika. Alikuwa mwanamke mrefu, Bi Ormerod, beji ya kaunti kifuani, na miguuni gambuti kuukuu za kijani zenye tope la vijiji vingine. Mwenyekiti aliziona, akakumbuka kifungu cha wageni rasmi. Yeye alikuwa ndani ya buti zake za njugu, akimwongoza mbwa wake, Admiral, ambaye siku ile hakuwa na mtu mwingine. Kijiji kizima kilikuwa nyuma ya uzio na mbwa wao, kimya kama watu walioalikwa mazikoni na hawamjui marehemu.

"Mbona njia haina watu?" jaji aliuliza.

"Ni tangu tuiboreshe," nilimjibu.

Mwenyekiti akakanyaga. Nyayo zile laini zikamchukua taratibu, bila yeye kuchangia lolote, zikampitisha kando ya birika la kunyweshea kondoo, akiwa wima, mkono mmoja ukiwa bado unaonyesha mandhari, mpaka kwenye lile bonde dogo ambalo hata kondoo wa Probert hulizunguka. Hapo akazama hadi magotini. Admiral alichomoa kichwa kwenye mkanda wake wa shingo, akaenda zake kumnusa Pickle.

"Kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa," Mwenyekiti alimwambia jaji.

Akavuta mguu. Mguu haukutoka. Buti zingekuwa pana angeziacha mle akatoka na soksi zake, lakini zile zilikuwa zimemshika kama deni... hapana, kama mkwe. Jaji alimvuta mkono mara moja, akaacha, akasema mgongo wake ni mali ya kaunti.

"Probert!" Mwenyekiti aliita. "Lete kamba!"

Probert alikuwa na kamba begani. Hakusogea. "Ningekuja, Mheshimiwa. Ila miguu yangu haikidhi viwango."

"Acha utani!"

"Muulize katibu kama ni utani."

Watu wote wakanigeukia. Niliwajulisha, kwa masikitiko, kwamba kanuni haina kifungu cha uokoaji.

"Basi nalifuta azimio!" Mwenyekiti alisema. Tope lilikuwa limepita magoti.

"Kwa heshima zote, Mwenyekiti hafuti azimio peke yake. Sharti kikao, hoja, na mjumbe wa kuunga mkono."

"Kikao kimefunguliwa! Natoa hoja! Probert, unga mkono!"

Probert alikuna kidevu. Bi Maud, aliyekuwa pembeni yake, alimnong'oneza kitu.

"Nina nyongeza," Probert akasema. "Kwanza, miguu yote ya Nether Sallow itambuliwe kuwa ni miguu."

"Naafiki."

"Pili, Mwenyekiti aende kwa Doreen kumwomba radhi, uso kwa uso."

Nilimwona Mwenyekiti akimtazama jaji, akitazama uzio, akitazama tope. Sijawahi kumwona mtu akifikiri kwa muda mrefu hivyo akiwa anapungua urefu.

"Naafiki," akasema, kwa sauti ya mtoto aliyeambiwa amalize uji.

Nikauliza wanaoafiki waseme ndiyo. Uzio mzima ukasema ndiyo, wasio wajumbe, hata mbwa mmoja wawili. Nikaandika kuwa hoja imepita na kikao kimefungwa. Bi Maud alikuwa wa kwanza kupita langoni, na hakunitazama.

Watu walimfunga Mwenyekiti kamba kifuani, wakavuta kama wanaovuta ng'ombe mwenye mimba. Alitoka, buti zikiwa zimemng'ang'ania na miguu ndani yake imekufa ganzi. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Doreen, wakambeba hadi kizingitini. Pale Probert alichukua mkasi wa kunyolea kondoo, akaichana ngozi ile nzuri kuanzia gotini mpaka kifundoni. Mwenyekiti aligeuza uso. Naamini alilia kidogo, lakini kwa kuwa kikao kilikuwa kimekwisha kufungwa, sikuandika.

Ndani, Doreen alikuwa kwenye kiti chake, blanketi mapajani. Bi Maud aliingia na tope lake lote. Pickle akaruka juu ya blanketi. Doreen alimshika mbwa masikio yote mawili, akayashikilia.

"Umechelewa," hatimaye alisema.

"Kulikuwa na kikao," dada yake akajibu, akainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mwenyekiti akasogezwa mbele, amevaa soksi zinazochuruzika. "Doreen," alisema, "kwa niaba ya halmashauri..."

"Halmashauri simjui. Wewe nakujua, Aubrey. Sema wewe."

Akasema yeye. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa, na ndiyo pekee ambayo mtu aliisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, kaa," Doreen akamwambia. "Una haraka?"

Mwenyekiti aliangalia miguu yake. Hakuwa na kitu cha kuvaa, na miguu ya Doreen ni midogo kama ya mtoto wa shule. Bi Maud alijitolea kwenda mjini kumtafutia buti, nami nikatoa gari.

"Zisichukue muda," Mwenyekiti aliomba.

"Buti haichaguliwi kwa pupa, Aubrey," alisema Bi Maud. "Ulituonyesha mwenyewe."

Kwa Bi Hobday tulijaribu kila kitu. Bi Maud alijipatia jozi yenye mkanda mpana, iliyomkaa mpaka akacheka peke yake mbele ya kioo. Kisha tukajadiliana kuhusu bitana. Kisha tukanywa chai kwenye mgahawa wa jirani, pamoja na keki, tukarudi kujadiliana kuhusu nyayo. Jaji naye alitukuta pale, akatuambia kijiji kimepata alama za juu kabisa katika kipengele cha ushirikishwaji wa wananchi. Nimekwisha kuandaa tangazo.

Tuliporudi giza lilikuwa linaingia. Mwenyekiti alikuwa bado kwenye kigoda, Pickle amelala juu ya miguu yake, na Doreen alikuwa katikati ya habari za posa yake ya kwanza, ile iliyovunjika. Alipotuona na buti mkononi, Mwenyekiti aliinua mkono kuomba nafasi ya kuzungumza.

"Ushushe," Doreen alimwambia. "Bado niko kwenye utangulizi."