Hapana Ni Hapa

Jamani, leo nimejiumbua. Hakuna aliyenisingizia. Nimejiumbua kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya kata nzima.

Nawaeleza mapema kabla hamjaletewa ile ya kuongezwa chumvi. Kuna picha inazunguka kwenye simu za watu, ya mama mwenye fulana ya kijani, amekunja uso kama amelishwa dawa ya minyoo. Ndiyo, ni mimi. Na huyo mtoto mgongoni anayecheka ni wangu. (Angalau mmoja wetu alifurahi.)

Mambo yako hivi. Nina miti minne ya mukau. Miche niliinunua kule Kiboko nikiwa na mimba ya Mutheu, kifungua mimba wangu, nikaipanda nyuma ya choo na kuinywesha kwa mtungi niliobeba mgongoni kutoka mtoni. Mimba mbele, mtungi nyuma. Nilikuwa natembea kama mizani. Leo Mutheu yuko gredi ya sita na miti imekomaa. Mbao za mukau hata mchwa anazipita tu akisalimia. Jumamosi hii fundi alikuwa aje na msumeno wa mashine, aiangushe, aipasue, tuezeke nyumba yetu. Kuta zimesimama tangu mwaka jana bila paa. Kuku wanalala sebuleni.

Haraka ya nini? Nitawaambia. Tunaishi kwa mama mkwe. Miaka kumi na moja! Ni mtu wa Mungu, siwezi kumsema vibaya. (Nitamsema kidogo.) Mimi nikipika, yeye anafunua sufuria. Nikifunua, anafunika. Chumvi yangu anaionja kabla sijaitia. Mimi nataka jiko langu, basi. Jiko ambalo nikiunguza chakula, nimekiunguza kwa amani.

Sasa Jumapili likatolewa tangazo kanisani. Alhamisi watu wa mazingira wanakuja uwanja wa shule ya msingi hapa kwetu Kanyangi kuchukua maoni. Kuna kanuni mpya. Usikate mti wowote, hata uliopanda mwenyewe, mpaka kamati ije iutazame, iupime, ikae, ijadili, itie sahihi. Na kwa sababu kamati haiwezi kutembea kwa miguu, pesa za kurekebisha pampu ya kisima zihamishwe, ziende kwa askari wa miti. Sare zao na pikipiki zao.

Nilikasirika mpaka nikaunguza maharagwe. (Mama mkwe alisikia harufu akiwa kwa jirani, akarudi mbio.)

Hebu niambieni. Mti ukiwa mche, ni wangu. Ukishikwa na kiangazi, ni wangu. Ukiliwa na mbuzi, pole mama, ni wako. Lakini ukikomaa tu, umekuwa wa taifa! Wakati nabeba mtungi, hiyo kamati ilikuwa imekaa wapi? Na maji ya kisima yakikosa, wataimwagilia nini hiyo miti yao, mate?

Tukaambiwa hakuna karatasi za kura. Watu watapanga laini mbili, ya Ndiyo na ya Hapana, wahesabiwe. Hapana wakizidi, hiyo kanuni na bajeti yake inakufa papo hapo.

Nikaita kikundi chetu cha kina mama. Kumi na moja, mimi mwenyekiti wa kumi na mbili. Nikawapa amri moja tu.

"Mkifika pale, msimwangalie mtu mwingine. Niangalieni mimi. Nikisimama, simameni nyuma yangu. Hata nikisimama juu ya siafu!"

"Sawa, mwenyekiti!"

(Kumbukeni wao hawana kosa. Kosa ni la aliyetoa amri.)

Leo saa nne tulikuwa langoni. Langoni yuko Mzee Kilonzo, askari wa soko, amevaa koti la baridi katika jua hili letu. Huyu mzee Kiswahili alijifunzia kazini zamani, na kwake kukataza kote kuna neno moja. Kijana akija na mbuzi: "Hapana leta mbuzi!" Watoto wakipanda ukuta: "Hapana panda!" Mimi mwenyewe nikitaka kukatiza kwenye maua: "Mama, hapana pita hapo." Tumemzoea. Hatumsikilizi hata.

Mkutano ukaanza kwa maombi. Afisa alikuwa kijana mpole, viatu vinang'aa mpaka unaona meno yako. Akaeleza kanuni. Akauliza kama kuna mwananchi mwenye neno.

Mwananchi alikuwa ameshasimama.

Jamani, niliongea! Mwanangu Kyalo mgongoni, maiki mkononi. Nikasema habari ya mtungi. Nikasema habari ya pampu. Nikasema, "Kama serikali inapenda mti, ichimbe shimo lake, ipande wake, iunyweshe! Mimi wangu nitaukata siku nitakayotaka, na nikiwa hai hii kitu haipiti hapa!" Watu wakapiga makofi. Kuna mzee mmoja alitupa kofia juu. Mume wangu, Baba Mutheu, alikuwa anaonyesha watu kwa kidole: huyo ni bibi yangu, huyo.

Ningekufa dakika ile, ningezikwa kama shujaa.

Lakini Kyalo naye akaamua kutoa maoni yake. Nilihisi joto mgongoni. Halafu nikanusa. Ikabidi niende upande wa vyoo kumbadilisha, na huyu mtoto akianza haachi nusu. Huku nyuma maiki ikakohoa, ikazima. Afisa akatangaza kwa mdomo tu: Ndiyo wapange karibu na tangi la maji, Hapana waende nyuma ya madarasa kwenye kivuli. Wa mbele wakasikia. Kina mama wangu walikuwa nyuma kabisa ya hema. Na mimi nilikuwa napigana na nepi.

Narudi, nakuta laini mbili. Moja fupi kwenye tangi la maji. Nyingine ndefu kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Kina mama wangu bado wamekaa vitini, mikono kwenye mapaja, wananingojea kama vifaranga.

Mmoja wao, Mama Kasyoka, akaniambia polepole, "Mwenyekiti, nadhani wamesema sisi ni kule nyuma ya madarasa."

"Umesikia ama umedhani?"

"Nimedhani."

"Basi wacha kudhani."

(Mama Kasyoka, ukisoma hii, nimekukosea. Lakini usirudie kuniambia, umeshaniambia mara nne.)

Nikaenda mpaka tangi la maji. Mzee Kilonzo ndiye alikuwa anapanga watu. Nikamuuliza vizuri, kwa heshima:

"Mzee, Hapana ni hapa?"

Akatikisa mkono. "Hapana hapa!"

"Asante."

Nikasimama. Nikawapungia kina mama. Wakaja mbio, kumi na moja, moja kwa moja nyuma yangu. Mzee akashika kichwa.

"Mama! Hapana hapa! Hapana!"

"Nimesikia, mzee. Si ndiyo tumesimama?"

"Hapana simama hapa!"

"Tumesimama!"

"Hapana! Simama! Hapa!" Alikuwa karibu kulia.

Nikageukia wenzangu. "Mmesikia? Hapana, simama hapa. Hata mzee ametusisitizia. Msitoke!"

(Mwalimu wangu wa Kiswahili kidato cha pili alitupigia kelele kuhusu koma. Nilisinzia. Leo koma imenifuata mpaka Kanyangi.)

Sasa mbele yangu kwenye hiyo laini, nani anageuka? Mama mkwe! Amejifunga leso yake ya kanisa. Akaniangalia, macho yakamtoka.

"Aiya! Mama Mutheu! Hata wewe?"

"Hata mimi, mwaitu, mama yangu!"

"Na vile umeongea pale mbele?"

"Si ndiyo maana niko hapa?"

Akanikumbatia. Miaka kumi na moja sijawahi kukumbatiwa na huyu mama bila kunusa kama nimeoga. Akasema, "Mungu anajibu maombi." Nikasema amina. Nikawaza, kumbe hata yeye amechoka na sisi, anataka tuezeke, tuhame. Machozi yakanilengalenga! Mjinga mimi.

Moyo ukanijaa, nikaanza kupigia kelele ile laini nyingine, ile ndefu ya mlango wa ofisi.

"Wasaliti! Mmeuza miti yenu! Watoto wenu watawauliza!"

Wakanitazama. Mwanaume mmoja akajiuliza kama namwambia yeye.

"Mama, sisi tunangoja soda."

"Hiyo soda ndiyo mmenunuliwa nayo!"

"Lakini hata nyinyi mtapewa."

"Hatutaki!"

(Nilikuwa na kiu sana. Lakini ningeanzia wapi?)

Karani akafika na daftari, msichana mdogo hivi, anahesabu kwa kugusa mabega. Alipofika kwangu akasita. Nafikiri alikumbuka hotuba.

"Samahani mama. Nyinyi si ni Hapana?"

Tukajibu wote kumi na wawili, kwa sauti ya kwaya: "Ndiyoooo!"

"Ndiyo?"

"Ndiyo!"

"Mna uhakika?"

"Ndiyo! Andika, msichana, usituchoshe!"

Akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika. Nikampiga hata picha.

Maiki ikafufuka. Afisa akapanda kwenye meza. "Ndugu zangu, Hapana ni hamsini na mbili." Nikaona watu wanatokea nyuma ya madarasa, wamejipanga vizuri, na kiongozi wa laini ni Baba Mutheu. Nikamshangaa. Huyu anatoka wapi? "Na Ndiyo," afisa akaendelea, akionyesha tangi la maji, akinionyesha MIMI, "ni sitini na moja. Pendekezo limepita!"

Mama mkwe akapiga vigelegele karibu na sikio langu.

Nilihesabu mara moja tu, na sihitaji kuwaeleza. Toa sisi kumi na wawili pale, tupeleke kule. Fanyeni wenyewe.

Halafu nyuma yangu Mama Kasyoka: "Mwenyekiti, sasa naweza kudhani?"

Ningependa iishie hapo. Haikuishia hapo. Afisa alikuwa na furaha ya mtu aliyeogopa kupigwa mawe akakuta amepigiwa vigelegele.

"Namwomba yule mama aje mbele! Alikuja akipinga, akasikiliza, akabadilisha mawazo, na akaleta wenzake! Huu ndio ukomavu!"

Nikasukumwa. Nikajikuta mbele. Nikanyakua maiki.

"Hapana! Hapana! Mimi ni Hapana!"

"Mnaona unyenyekevu wake?" akasema afisa. Watu wakapiga makofi. Nikavalishwa fulana ya kijani juu ya nguo yangu, juu ya leso, Kyalo akafunikwa kichwa. Imeandikwa kifuani: MLINZI WA MITI. Nikapewa mche mkononi. Picha ikapigwa. Ndiyo hiyo mmeiona.

Nilimtafuta Baba Mutheu kwa macho. Alivua kofia, akaangalia ndani yake, akaivaa tena.

Nikamfuata afisa mpaka kwenye gari. Nikamweleza yote, mzee, koma, kila kitu. Alinisikiliza, maskini. Akasema hesabu imeshatangazwa na imeshatiwa sahihi, lakini nisijali, kwa sababu wameniweka kwenye kamati. Mwanakamati wa kwanza! Sahihi yangu itahitajika kwa kila mti utakaokatwa katika kata hii.

Nikaona mwanga. "Basi naweza kupitisha yangu minne Jumamosi?"

"Aa, hapana, mama. Mwanakamati hawezi kupitisha mti wake mwenyewe."

(Hiyo hapana nilielewa mara ya kwanza.)

Kwa hivyo nimepewa kalamu ya kuruhusu miti ya watu wote wa Kanyangi, isipokuwa minne. Wengine wa kamati watateuliwa wakati wake. Wakati wake ni lini? Wakati wake. Fundi nilimpigia simu kumwambia angoje kidogo, akaniambia ameshaona picha, na yeye haleti msumeno wake kwa mlinzi wa miti, ana familia.

Na bado nasema: kanuni ni mbaya, bajeti ni mbaya, na pampu bado imekufa. Msiniambie nilipiga kura. Nilisimama mahali.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Mama mkwe anaimba. Amechinja kuku, amekataa nisaidie, amesema nipumzike, mwanakamati. Amenitengea rafu yangu mwenyewe ya sufuria, ya chini, ya kudumu. Anasema sasa hakuna haraka ya mtu kwenda popote.

Mkitaka kucheka, chekeni mkiwa kwenu, tena polepole. Mimi niko jikoni kwake hapa, na ameshaniuliza mara mbili simu yangu inacheka nini.