Hotuba ya Mwenyekiti Kuhusu Vitabu Vipya vya Nyimbo

Tumsifu Yesu Kristo! (Milele na milele, amina.) Baba Paroko, Baba Paroko Msaidizi, masista wapendwa, katekista, wazee wa kanisa, mpiga kinanda uliyekaa bure, bwana harusi unayetoka jasho hapo mbele, bibi harusi uliyesimama mlangoni na mama yako fundi cherehani, na wengine wote kwa vyeo vyenu, mimi Mwenyekiti wa Kamati ya Uboreshaji wa Uimbaji wa Waamini sitawachosha. (Miguno.) Nina kurasa kumi na moja tu.

Ndugu waamini, Kanisa linatufundisha kwamba wimbo katika misa si pambo, ni sala yenyewe, na ni kwa kuzingatia hilo ndipo kamati yangu, kwa mkakati shirikishi na endelevu, ilivikusanya vitabu vyote vya zamani, ikavifungia stoo, na kusimamisha kuimba ili kuimba kuboreshwe. (Fundi cherehani: “Mwaka wa tatu huu, Mwenyekiti! Mume wangu tulimzika kimya kimya!”) Pole sana, mama. Hiyo ni changamoto, na changamoto ni fursa. (“Na binti yangu naye aingie kanisani kama anaingia benki?”) Swali zuri, litajibiwa kwenye semina.

Takwimu zipo wazi: tangu tusimamishe, makosa ya nota yamepungua kwa asilimia mia moja. (Makofi ya mtu mmoja, shemeji yake Mwenyekiti.) Nani mwingine angeweza? Kitabu kipya kitakuwa na jalada gumu, faharasa, na picha yangu.

Uimbaji bora! Mnatakiwa mjibu, “Kwa wote!” Uimbaji bora! (Bwana harusi: “Mwenyekiti, tunakuomba jamani.”)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mtunzi wa nyimbo mpya, ambaye tutamtafuta. Mchapaji, ambaye naye tutamtafuta. Na wajumbe wa kamati yangu, nitakaowateua nikipata nafasi, maana mpaka leo niko peke yangu. (Kicheko kanisa zima. Fundi cherehani anaanzisha wimbo wa mwanzo; kinanda kinamdaka, na watu wote wanapokea bila kitabu. Bibi harusi anaingia, analia huku anacheka.)

Jamani, wimbo huo haujapitishwa! Haujapitishwa! (Hakuna anayemsikiliza. Ubeti wa pili.) Haya basi, angalau sauti ya nne msichelewe kuingia! Mnachelewa! Hivi... hivi... (Mwenyekiti anaimba.)