Kikohozi cha Kifungua Mimba Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Kifungua mimba wangu anaingia kwenye filamu! Filamu ya kweli, ya jumba la sinema. Yeye ni jambazi. Hasemi kitu: anaegemea ukuta, anavuta sigara na kumwangalia tajiri kwa jicho baya. Jicho hilo kalirithi kwangu. Mavazi ya filamu nashona mimi, lakini nafasi kaipata kwa kipaji chake. Mwongozaji nilimganda kidogo tu. Nimeshaalika mtaa mzima. Jirani yangu Mama Pacha kaguna. Wivu!

Jumanne, 5 Machi
Mama Pacha kaja kuomba chumvi, kaniachia sumu. Binti yake nesi kamwambia kuna sheria ya tumbaku: bodi ya filamu inakata kila kipande chenye mtu anayevuta, maana vijana wanaiga. Kaniuliza kwa upole kabisa, sasa shoga yangu, wakimkata mwanao, tutakuja kuangalia ukuta? 
Nimembembeleza mwongozaji ampe mwanangu kikombe cha chai badala ya sigara. Kasema jambazi hanywi chai. Huyu hajawahi kukaa mtaani kwetu.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata! Sheria inakataza tumbaku. Mdalasini haijautaja. Nimeusaga, nikausokota kwenye karatasi yangu ya kukatia mitindo. Zimefanana na sigara hasa! Kesho nazibadilisha kwenye pakiti huku nikijifanya narekebisha kola. Mwanangu simwambii. Hajui kuficha jambo, kama baba yake.
 Bodi ikiuliza, nitasimama na kuapa kwamba ni kiungo cha chai.

Alhamisi, 7 Machi
Mungu wangu.
Kavuta mara moja tu. Akakohoa mpaka kofia ikaruka. Machozi, kamasi, jicho baya likawa jicho la kuku mgonjwa. Nikajisahau, nikapiga ukelele: mwanangu jamani, mwanangu! Nikamkimbilia na sindano mdomoni. Mwongozaji kauliza tangu lini jambazi anakuja kazini na mama yake. Kamera ilikuwa bado inazunguka.
Wakarudia kwa sigara ya kweli ya dereva wao. Kwa hiyo watakata tu! Na mwanangu haongei nami.

Jumamosi, 1 Juni
Onyesho! Mtaa mzima umekuja.  Mama Pacha kakaa nyuma yangu makusudi.
Taa zikazimwa. Kabla ya filamu likaja tangazo la wizara ya afya: sigara inaua. Na anayekohoa ni nani? Mwanangu! Uso mkubwa kama nyumba! Kumbe mwongozaji kawapa wizara kile kipande. Na sauti yangu wameiacha: mwanangu jamani, mwanangu! Ukumbi mzima ukalia kwa huruma. Kwenye filamu yenyewe, mwanangu kakatwa, tajiri kautazama ukuta mtupu.
Mama Pacha kaniinamia sikioni, kanipa pole, kauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamjibu kwamba tangazo hilo litaonyeshwa kabla ya kila filamu. Tajiri ana filamu moja. Mwanangu anazo zote!

Jumapili, 2 Juni
Majirani wamepanga foleni mlangoni na machungwa ya mgonjwa. Mwanangu kajifungia chumbani. Kupitia tundu la kitasa kaniapisha nisiingilie tena kazi ya mtu yeyote wa nyumba hii. Nimeapa, na machozi yamenitoka kweli.
Mchana yule nesi, binti wa Mama Pacha, kapita. Kasema pakiti za sigara nazo sasa zitawekwa picha ya mgonjwa, na wizara inatafuta sura. Baba watoto ni mwembamba, macho yameingia ndani, meno ya mbele hana. Zawadi tupu! Tena yeye hana kazi, kastaafu, kwa hiyo kiapo hakimhusu.
Nimemnyima chakula cha jioni. Kauliza kulikoni, nikamwambia avumilie, nyota yake inakuja.
Kilichobaki ni kikohozi. Mdalasini bado upo.